Uzoefu wangu na balbu za LED, za kawaida na zile za kuchaji

Wadau, nyumba nzima sa hivi natumia LED na nimeshakaa nazo muda wa kutosha, naandika kwa yeyote anayetaka kununua asije akapigwa dukani.

Umeme kwanza. Ile balbu ya zamani ya wati 60 ukiiwasha masaa matano kila siku inakula yuniti 9 kwa mwezi, LED ya wati 9 yenye mwanga uleule haifikishi hata yuniti moja na nusu, sasa piga hesabu ya nyumba yenye taa sita saba, kwenye LUKU unaiona wazi kabisa. Ya zamani inachoma waya mpaka ung'ae na umeme mwingi unaishia kwenye joto, ila LED ndani ina vichipu vinatoa mwanga wa bluu alafu vimepakwa unga wa njano, vikichanganyika jicho linaona mweupe. Hiyo bluu ndo ilisumbua wataalamu miaka na miaka, kina Akasaki, Amano na Nakamura walioipata walipewa Nobel 2014 na kwakweli walistahili.

Ila miaka mingi inayoandikwa kwenye boksi msiitegemee sana. LED inauliwa na joto la kitakoni, ndo maana yangu ya barazani iliyofunikwa na globu ya kioo ilikufa mapema wakati ya sebuleni iliyo wazi bado inadunda. Fundi aliifungua nikaona chipu moja tu ina kidoa cheusi kama imechomwa sindano, zingine zote nzima, ila kwa vile zimeungwa kwa mstari mmoja ikifa moja zote zinazima.

Za kuchaji sasa, hizi nazipenda mno. Umeme ukikatika inaendelea kuwaka yenyewe, watoto wanamalizia homuweki hapohapo mezani, wala hamna kuhangaika na mshumaa, cha muhimu swichi ya ukutani usiizime. Unaweza hata kuitoa kwenye holda ukatembea nayo uani, ukigusa kitako chake kwa vidole inawaka. Shida ni betri, mwanzo ilikua inamaliza jioni nzima, siku hizi umeme ukienda saa mbili, saa tatu tayari imefifia.

Dukani usikubali kuuziwa kwa wati peke yake maana kuna za bei chee zimeandikwa wati 15 na mwanga hamna, soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga inaotoa, chumba cha kawaida tafuta kama 800. Alafu angalia namba yenye K, hiyo ni rangi ya mwanga, jikoni na pa kusomea chukua 6500K ile nyeupe, chumbani 3000K ya njano inatuliza macho. Na ya kuchaji ukipata aina ambayo betri inachomoka bila kuvunja balbu chukua hiyo, hata kama imezidi bei elfu mbili tatu.