TAHADHARI: Mafriji ya stika ya "A+++" yanayozungushwa Kigoma mjini

Jamani wana-Kigoma, hasa wa Mwanga, Gungu na Katubuka, kuna jamaa wanapita na kirikuu wanauza mafriji "yasiyokula umeme", naomba msome hapa kabla hamjatoa hela.

Mi nimenunua kwao mwezi uliopita, laki nne na nusu. Friji linang'aa, mlangoni lina ile stika ya Ulaya yenye mishale ya kijani mpaka nyekundu, imeandikwa A+++, yaani linakula umeme kidogo sana, na chini 150 kWh kwa mwaka, pembeni wamebandika na Energy Star, ile alama ya Marekani ya vifaa vinavyookoa umeme. Muuzaji akaniambia dada hili ni toleo la mwaka jana, haliharibu mazingira, luku utaisahau. Nikapiga hesabu, kWh moja ndo yuniti moja ya luku, 150 ukigawa kwa siku 365 haifiki hata nusu yuniti kwa siku, nikaona hapa ndo penyewe maana mi nagandisha barafu na kuweka migebuka ya kuuza.

Wiki ya kwanza tu yuniti zikaanza kukimbia. Tulikuwa tunatumia kama moja na nusu kwa siku, ikawa inapita nne. Nikasema isije ikawa mita, usiku nikazima kila kitu nikaacha friji peke yake, saa mbili usiku nikaandika namba ya luku kwenye karatasi, saa mbili asubuhi nikasoma tena, imekula 1.6. Masaa 12 tu, na mlango haujafunguliwa!

Nikamwita fundi. Akaligeuza, akapangusa vumbi kwenye kompresa, kibati kinasema R134a wakati stika ya mlangoni inasema R600a. Hizo ni gesi mbili tofauti kabisa mama, akaniambia. R600a ndo wanaweka kwenye mafriji mengi mapya ya nyumbani, R134a ikivuja inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Halafu akakwangua kona ya stika kwa ukucha, chini yake ikatokea stika nyingine imefifia, inasomeka C. Na mpira wa mlango umechoka. Roho imeniuma nyie, ile ilikuwa hela yangu ya mchezo.

Sasa shikeni hili. Lebo ya Ulaya ya mafriji iliachana na hizo pulasi tangu Machi 2021, sahivi ni A mpaka G basi, kwa hiyo mtu akikwambia friji la mwaka jana halafu A+++ anakudanganya. Lebo mpya ina QR juu kulia, ukiiskani inakufungulia taarifa za friji hilohilo kwenye daftari la Umoja wa Ulaya, linganisha modeli na ya kwenye kibati cha nyuma, zisipofanana achana nalo. Energy Star yenyewe haina madaraja ya herufi kabisa. Na stika ya mlangoni mtu yeyote anachapisha stationari, kibati cha kompresa ndo muanze nacho, hata kama muuzaji anakuharakisha.

Risiti walinipa ya kuandika kwa mkono, haina hata jina la biashara, na simu yao haipatikani toka juzi. Nasikia jana wameonekana Mwandiga. Stika zote mbili nimezitunza na picha ya kibati ninayo, napeleka malalamiko FCC (Tume ya Ushindani), kama na wewe ulinunua kwao njoo inbox twende pamoja.