Programu ya kupanga picha imeniharibia kupamba nzima, na sapota wanasema eti ni mtandao wangu

Wapiga picha wenzangu wa Mombasa, kama mnaweka picha kwenye diski ya mtandao, ile inayochomekwa kwa rauta ndo kila kompyuta ya studio iione, someni hii kabla hamjalipia programu ya kupanga picha.

Mimi napiga harusi za Kiswahili upande wa wanawake. Kupamba mnakujua, ile sherehe ya bi harusi aliyepambwa, wanawake watupu, simu zinaachwa mlangoni, hakuna mgeni anayepiga hata moja, kwa hivyo picha ninazotoka nazo mimi ndo hizo hizo, hakuna pengine pa kuziokota.

Sasa hii programu mwanzo niliipenda sana wallahi. Unaandika jina la somo wa bi harusi mara moja tu, inamtambua kwa sura, inakuletea kila picha aliyomo. Kumbe kila unapoandika jina inafungua ile picha yenyewe, orijino, inaliingiza jina ndani na kuandika faili upya palepale juu ya ile ya zamani! Mtandao ukitikisika kidogo katikati, faili imebaki nusu.

Nikafungua foda ya bi harusi mmoja wa Majengo. Juu naona asumini za kichwani, naona macho, kutoka kidevuni kwenda chini ni kijivu kitupu. Mikono yote ile ya hina na piko, haipo. Nikafungua nyingine, vivyo hivyo. Na linaloniuma zaidi, kwenye programu zile picha ndogondogo zilikuwa zinaonekana nzima, maana imejiwekea nakala zake ndani ya kompyuta, kwa hivyo wiki zimepita uharibifu unaendelea na mimi sioni kitu. Bakap ninayo, ya kila usiku, nayo ikanakili mbovu juu ya nzima. Kadi za kamera nazo zishapigiwa harusi nyingine.

Kijana wa kompyuta akanionyesha kwa macho yangu, faili ya picha ya JPEG ikiwa nzima inaanza na alama za FF D8 na kuishia na FF D9, zangu mkia hazina, ni sifuri tupu mpaka mwisho. Akasema programu ya maana huandika nakala mpya pembeni, ikahakikisha imekamilika ndo ikabadilisha, ama majina inayaweka kwenye faili ndogo ya XMP kando na picha haiguswi kabisa. Basi hilo ni gumu?

Nikawaandikia sapota, nikawatumia na picha. Jibu mstari mmoja, mtandao wako ndio mbovu. Hata pole hakuna! Na haya mambo si mageni. Desemba 2007 Microsoft waliwaonya watu wa Windows Home Server, mfumo wao wa seva ya nyumbani, wasihariri faili moja kwa moja juu ya seva kwa programu kadhaa, Windows Vista Photo Gallery ikiwemo, kwa sababu seva yenye diski zaidi ya moja ilikuwa inaweza kuharibu faili, na 2008 wakatoa sasisho la Power Pack 1 la kurekebisha. Walisema wazi. Hawa wangu wananirudishia lawama mimi.

Nikiwa mkweli, mtu anayeweka picha ndani ya laptopu yake tu labda haitamsumbua, na kwa kutafuta sura sijaona ya kuishinda, huyo ningemwambia aichukue, hata nyota tatu ningetoa. Lakini jana mamake bi harusi kanipigia, "Mwanangu, mbona nyanyake simuoni, yule aliyekuja kutoka Lamu?" Nikamwambia mama nipe muda, na najua kabisa picha zake zote ni kijivu. Nyota tatu za nini? Hata moja sitoi, na hata wa laptopu simshauri tena, programu inayogusa orijino bila kuuliza haifai kwa mtu yeyote.

Kama mshanunua, ingieni kwenye mipangilio leo hii mzime ile ya kuandika majina ndani ya faili, halafu mfungue picha zenyewe kutoka kwa diski, moja moja, msiziangalie ndani ya programu. Mimi pesa yangu nimeidai na mpaka sasa kimya.