Olanzapini: kichwa kimetulia, tumbo ndo halitulii

Mi natumia olanzapini ya usiku, dawa ya ugonjwa wa akili kwa sisi tunaosikia sauti ambazo hazipo, kabla ya hapo nilikua kwenye haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huo huo, na ile ilinikaza shingo na taya mpaka kuongea shida, miguu nayo haitaki kutulia yani ukikaa kidogo tu ushasimama unazunguka chumba. Hii afadhali sana. Zote zinaziba vipokezi vya dopamini kwenye ubongo, yani sehemu zinazopokea ujumbe wa kemikali hiyo, ndo maana sauti zinapungua, ila olanzapini inaziba na vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ndo mana mwili haukakamai kivile. Usingizi ulikuja usiku ule ule, sauti zenyewe zilichukua wiki kadhaa kufifia, zikawa kama redio ya jirani. Sasa ubaya wake ni NJAA jamani. Vipokezi vya histamini navyo inaviziba, basi umetoka kula umeshiba kabisa na bado unafunua sufuria, suruali zote zimenibana, kwa hiyo daktari akupime uzito, sukari na mafuta ya damu kabla hujaanza na aendelee kupima. Asubuhi kichwa kizito, mdomo mkavu. Kuacha ghafla usijaribu, ugonjwa unaweza kurudi. Naipa 4 kati ya 5, moja nimekata kwa ajili ya kitambi.