Tahadhari: Benz na BMW za zamani zinazopashwa moto kabla mnunuzi hajafika

Ndugu zangu mnaotafuta gari la kifahari lililotumika hapa Dar es Salaam, hasa Mercedes-Benz C-Class na E-Class za kati ya 2002 na 2009, au BMW za mfululizo wa 3 na wa 5 za miaka hiyo hiyo, naomba msome maelezo haya kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia gari. Nimeuziwa gari ambalo injini yake ilikuwa imekwisha, na aliyeniuzia alijua anachokiuza. Yadi sitaitaja wala mtu sitamtaja, kwa kuwa nimekuja kugundua kwamba mbinu iliyoninasa inatumiwa na wengi, na mwenye kuijua mbinu anaweza kujilinda popote atakapokwenda.

Gari lenyewe lilikuwa C200 Kompressor ya mwaka 2005, rangi ya fedha, namba D, na dashibodi ikisoma kilomita 84,000. Bei ilikuwa shilingi milioni 11 na nusu, wakati yanayofanana nalo nilikuwa nikiyaona kwa milioni 13 na zaidi. Nilimpigia dalali asubuhi, akaniambia nifike saa nne kwa sababu gari linaoshwa. Nilipofika nililikuta limeshawashwa, liko mbele ya geti likiunguruma taratibu, kiyoyozi kimefunguliwa na ndani kuna ubaridi wa kupendeza. Niliuchukulia ule kuwa ukarimu. Tukazunguka nalo mitaa ya jirani, gia zikaingia vizuri, injini haikutoa sauti yoyote ya kutia shaka, na fundi wa pale yadini akanifungulia boneti, nikaona injini inang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Dalali akaongeza kwamba kuna mteja yuko njiani kutoka Mbezi na fedha yake mkononi. Nikalipa, nikasaini karatasi iliyosema nimelinunua gari katika hali niliyolikuta.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nililiwasha nyumbani Tabata likiwa baridi kwa mara ya kwanza tangu nilijue. Kwa sekunde tano au sita injini ilitoa mlio mkavu, kama mnyororo wa baiskeli uliolegea unaoburuzwa ndani ya sufuria, kisha ikatulia kabisa. Nilijiambia kwamba magari ya zamani yana sauti zake. Baada ya wiki tatu mlio ulikuwa mrefu zaidi, na taa ya injini ikawaka ikagoma kuzimika.

Fundi wangu wa Ilala alipofungua mfuniko wa juu wa injini hakuhitaji kunieleza mengi. Cheni ya taimingi, ile inayolinganisha mwendo wa valvu na wa pistoni, ilikuwa imevutika, na gia za kemshafti, yaani shafti zinazofungua valvu, ambazo cheni hiyo inazungusha zilikuwa zimeliwa. Aliniwekea moja kiganjani ikiwa bado na oili, nikapitisha kidole juu ya meno yake: badala ya kuwa butu na yenye mgongo mpana, yalikuwa yamechongoka kama meno ya msumeno. Kisha akamwaga oili, nayo ikatoka nzito mno, nzito kuliko oili ambayo injini hiyo inapaswa kuwekewa, kwa sababu oili nzito huziba kelele kwa muda.

Injini hiyo inaitwa M271, ya silinda nne na lita 1.8, na udhaifu wake unajulikana kwa mafundi wote wa Benz: cheni yake ni ya safu moja, nyembamba, inavutika kadiri umri unavyosogea, na inavutika haraka zaidi pale mwenye gari anapochelewa kubadilisha oili. Injini ikiwa baridi, oili haijapanda na kikaza cheni hakijapata msukumo, ndiyo maana cheni iliyolegea inalia. Ikishapata moto, inanyamaza. Kwa hiyo muuzaji anayetaka kukuficha ugonjwa huo hahitaji ujanja mkubwa. Inamtosha kuliwasha gari nusu saa kabla hujafika. Cheni hiyo ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hakuna tena mazungumzo ya matengenezo, kuna mazungumzo ya injini nyingine. Mimi niliwahi. Cheni, gia zake mbili, kikaza cheni na ufundi vilinigharimu shilingi milioni 3 na laki 4.

Katika kazi hiyo hiyo fundi aliniita nitazame nguzo ya mlango wa dereva. Chini, karibu na bawaba, palikuwa na kibandiko kidogo cha gereji ya Japani cha kubadilisha oili, kimefifia nusu. Maandishi sikuyaelewa, lakini tarakimu zilisomeka: mwaka 24, ambao kwa hesabu ya Kijapani ya Heisei ni 2012, na kilomita 131,400. Gari lilikuwa limetembea kilomita 131,400 likiwa bado kwao, nami nikauziwa miaka mingi baadaye likisoma 84,000. Tafuteni vibandiko hivyo mlangoni na chini ya boneti, na ombeni nakala ya cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, kwani huandikwa kilomita. Kanyagio la breki lililolika mpira na usukani uliochubuka ngozi navyo havikubaliani na kilomita 84,000, na nilipaswa kuviona.

Basi ombi langu la kwanza kwenu ni hili: gari la aina hii lisikilizwe likiwa baridi, na ubaridi huo mhakikishe kwa mkono wenu. Semeni mtafika saa nne, fikeni saa mbili. Wekeni kiganja juu ya boneti, kisha karibu na bomba la moshi. Likiwa na joto, ahirisheni mrudi siku nyingine, hata kama wateja kumi wako njiani kutoka Mbezi. Funguo ikizungushwa bila kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake kwenye dashibodi, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizuia. Njooni na fundi wenu mwenye mashine ya kusoma makosa, na mwambieni asiangalie makosa tu. Makosa yakifutwa asubuhi ile, kompyuta ya gari huonyesha kwamba vipimo vyake vya ndani bado havijakamilika, na hilo ni jibu tosha.

Kwa BMW kuna la ziada. Injini ya N46 ya silinda nne, iliyomo katika 320i nyingi zilizoko mjini, ina tabia ya kula oili kwa sababu mipira inayoziba mashina ya valvu inakauka na kuwa migumu. Iacheni isimame ikiwaka kwa dakika kumi bila kuguswa, kisha mmoja akanyage mafuta na mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu ukitoka kwa wingi, mmeshaona. N52 ya silinda sita ni injini bora zaidi kwa maoni yangu, ingawa pampu yake ya maji ni ya umeme na hufa bila taarifa, jambo lisilofaa katika foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana. Magari haya yote hayavumilii maji ya bomba kwenye rejeta. Mshale wa joto ukishuka kila gari linapokimbia, shuku kwamba themostati imetolewa ili kuficha kuchemsha.

Nikirudi kwa Benz, wauzaji wa zile zenye injini ya silinda sita husema "V6 ni V6", na hapo ndipo wengi wanapopotea. M112, ya E240 na E320 za miaka ya mwanzo ya W211 (umbo la E-Class la miaka hiyo), huvuja oili lakini ni imara sana. M272 iliyoipokea katika E350, hasa za kati ya 2004 na 2006, ina gia ya shafti ya mizani, ile inayopunguza mtetemo wa injini, iliyotengenezwa kwa chuma laini. Ikilika, injini nzima inashushwa na kufunguliwa. Hitilafu hiyo iliwafikisha wamiliki wa Marekani mahakamani dhidi ya kampuni, na shauri likaisha kwa maafikiano. Na anayedhani atapumzika akinunua Toyota Crown au Mark X ya lita 2.5 yenye injini ya 4GR aangalie oili kwenye kijiti mara kwa mara, kwa kuwa hiyo nayo hujaza kaboni na kuanza kula oili.

Nilirudi yadini na gia ile mbovu ndani ya mfuko. Nilioneshwa sahihi yangu. Malalamiko ya kupotoshwa kwa mnunuzi yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, nami naandaa yangu. Picha za kibandiko, risiti ya fundi na ujumbe wa dalali vyote nimevihifadhi, na nawasihi mnaonunua sasa muwe mnaomba maelezo ya gari kwa maandishi, kilomita zikiwemo.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza jirani yangu kwenda kuangalia C180 nyeusi katika yadi nyingine kabisa, upande mwingine wa mji. Tulifika saa mbili na robo asubuhi. Kijana wa pale akatuambia gari halijawashwa tangu juzi. Jirani yangu aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka, akanitazama, tukaaga tukaondoka.