Kipima chembe cha leza kutoka karakana ya jijini: kimetutosha kiwanda cha rangi

Wenzangu wa maabara za rangi, gundi na vipodozi mnaohangaika kupima chembe ndogo kuliko mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita, yaani nanomita 1,000), kinunueni hiki. Ila kabla ya kulipa, hakikisheni kina kihisi joto. Sababu nitaieleza.

Sisi tuko Chang'ombe, Dar es Salaam, tunatengeneza rangi za maji. Malighafi yetu kubwa ni emalshani ya akriliki, yaani maji yenye chembe ndogo za plastiki, inayokuja kwa mapipa, na chembe zake huwa za nanomita 100 hadi 200 hivi. Pipa likichomwa na jua muda mrefu, chembe zinaweza kuanza kushikana, na rangi itakayotoka humo haitashika ukuta inavyopaswa. Grindomita, kile chuma chenye mfereji tunachoangalizia usagaji, haioni vitu vya ukubwa huo. Yenyewe kazi yake ni mikroni kadhaa na kuendelea. Mashine za kampuni kubwa zinaona vizuri sana, lakini bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Hiki tumekinunua shilingi milioni 6 kwa vijana wenye karakana ndogo hapa hapa jijini.

Ukifungua sanduku unakuta leza nyekundu ya nanomita 650, nafasi ya kichupa cha sampuli, kipokea mwanga kilichokaa kwa pembe ya nyuzi 90, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Basi. Chembe zikiwa majini hazitulii, molekuli za maji zinazisukuma huku na huku, kwa hiyo mwanga unaotawanywa nazo hupanda na kushuka muda wote. Chembe ndogo zinakwenda mbio na mwanga hubadilika upesi, kubwa zinajikokota. Kwa chembe za nanomita 100, badiliko lenyewe huchukua kama theluthi ya milisekunde, kasi ambayo saketi ya bei nafuu inaimudu kabisa. Hesabu ambazo zamani zilitaka saketi maalumu sasa zinafanywa na programu, na hapo ndipo gharama iliposhuka. Kutoka kwenye kasi kwenda kwenye ukubwa inatumika kanuni ya Einstein ya mwaka 1905.

Sasa joto. Kanuni hiyo inadai mnato wa maji, yaani ugumu wake wa kutiririka, na mnato hauko sawa siku zote: kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ni 0.89 milipaskali-sekunde, kwenye 30 ni 0.80. Programu tuliyopewa mwanzoni ilikuwa imefungwa kwenye 25. Mchana wa Februari hapa Dar, kiyoyozi kikizidiwa, maabara inafika 30 bila shida, na chembe za nanomita 100 zitasomeka 88. Kwa mtu wa kupokea mizigo hiyo ni tofauti ya kurudisha pipa zima lisilo na kosa! Niliwaeleza vijana, wakaweka kihisi kando ya kichupa, na sasa programu inasahihisha yenyewe. Tangu hapo shanga za polistairini za nanomita 100, zile za kuhakikishia vipimo, zinasomeka kati ya 97 na 104. Mimi kwa kazi yangu nimeridhika kabisa.

Vumbi nalo ni adui. Kwa chembe ndogo sana, ikiwa moja ina upana mara kumi ya mwenzake, inatawanya mwanga mara milioni moja zaidi. Punje chache za vumbi la barabarani zinaficha sampuli yote. Maji ya kuzimulia yapitisheni kwenye kichujio cha mikroni 0.2, na kichupa kishikwe juu tu. Zimueni hadi maji yabaki na uweupe wa mbali. Rangi nzito iliyokwisha changanywa msiiweke, mwanga utagonga chembe nyingi mfululizo na jibu halitakuwa na maana.

Tulipochanganya shanga za 100 na za 200, kilionyesha kilima kimoja kipana kwenye grafu badala ya viwili. Hilo siwalaumu vijana, ndivyo njia hii ilivyo hata kwenye mashine ghali. Na kama mteja anadai ripoti ya ISO 22412, kiwango cha kimataifa cha njia hii ya kupima, sampuli ipelekwe maabara yenye ithibati.

Huduma yao ni nzuri mno. Leza ilipoanza kuyumba walikuja siku ile ile wakaibadilisha na spea iliyopo madukani mjini, huku wakimwonyesha fundi wetu hatua kwa hatua.

Lililonikera ni mfuniko: ukiufungua, leza inaendelea kuwaka. Hilo ni hatari kwa macho ya vijana wetu wa maabara na halipaswi kusubiri toleo lijalo. Tumeagiza cha pili kwa ajili ya ghala, na sharti tuliloandika kwenye oda ni swichi ya kuzima leza mfuniko unapofunguliwa.