Dawa au mazungumzo: tiba ipi ya sonona?

Sonona ikishadumu wiki 2, ikakunyima usingizi na raha ya mambo uliyoyapenda, usingoje ipite yenyewe. Njia kuu za tiba ni mbili.

Dawa, kama fluoksetini, humezwa kila siku, lakini hazifanyi kazi papo hapo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, ilhali kichefuchefu au maumivu ya kichwa huweza kutangulia. Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema, na inasikitisha mno. Hata ukipona, endelea nazo angalau miezi 6, wala usiziache ghafla bila ushauri wa daktari. Sonona huweza kurudi.

Tiba ya mazungumzo haina vidonge. Mnakutana na mtaalamu, aghalabu mara moja kwa wiki, mkichambua mawazo yanayokudidimiza. Inadai bidii, ila stadi zake hubaki nawe.

Kwa sonona nyepesi ningeanza na mazungumzo. Ikiwa kali, zote mbili pamoja hufaa zaidi. Ukiwaza kujiua, usipoteze muda kuchagua: mwambie mtu sasa hivi, akupeleke hospitali.