Kutafutiwa wapangaji kabla ya kukabidhiwa nyumba: tathmini ya huduma ya dalali

Mwaka jana nilinunua nyumba Tabata Segerea yenye sehemu nne za kupangisha, kila moja ikiwa na chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Sehemu ya bei ilitokana na mkopo wa benki ambao marejesho yake yalianza mwezi mmoja tu baada ya fedha kutoka, hivyo sikutaka nyumba ikae tupu hata wiki mbili. Ndipo nilipoiendea ofisi moja ya madalali, ambayo sitaitaja, nikawapa kazi ya kutafuta wapangaji wakati uhamisho wa hati ukiwa bado unashughulikiwa.

Kazi ya kutafuta watu waliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Dalali alikuja na futi kamba, akapima kila sebule, akauliza kama kila sehemu ina mita yake ya LUKU, na alipogundua kwamba sehemu mbili za nyuma zinachangia mita moja, alinishauri niombe ya pili mapema, kwa kuwa wapangaji hugombania umeme kabla hata hawajakorofishana kwa jambo lingine lolote. Picha alizipiga asubuhi jua likiingia jikoni, na ufa wa ukuta wa uani hakuuficha. Ndani ya siku kumi alileta watu kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa tayari kulipa shilingi 230,000 kwa mwezi, na hapo nikajua kwamba hesabu zangu za mkopo hazikuwa za kubahatisha.

Muuzaji alikuwa ameridhia, kwani mwanasheria aliweka katika mkataba wa mauziano kifungu kinachoruhusu wateja kuonyeshwa nyumba siku za Jumamosi. Hata hivyo dalali aliwahi kufika Jumanne bila taarifa, akamkuta mama yake muuzaji, ambaye bado aliishi sehemu ya mbele, akianika nguo. Nililazimika kwenda mwenyewe kumwomba radhi.

Kasoro kubwa ilikuwa katika fedha. Bila kunishirikisha, dalali alipokea kwa mpangaji mmoja kodi ya miezi sita, shilingi 1,380,000, akamwandikia risiti ya kijitabu yenye jina langu kama mwenye nyumba, ilhali mwenye nyumba alikuwa bado ni muuzaji. Kusaini mkataba wa mauziano na kulipa sehemu ya bei hakumfanyi mtu kuwa mmiliki, kwani muuzaji hana budi kumaliza kodi yake ya serikali kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), maombi yapite kwa Kamishna wa Ardhi, kisha uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Dalali alimwahidi mpangaji tarehe mosi, nasi tukakabidhiana wiki tano baadaye. Mpangaji alikuwa amekwisha kuaga alikokuwa akiishi na kupakia vyombo kwenye kirikuu, ikabidi avishushe kwa kaka yake, akadai fedha zake, nami nikaona ana haki. Tatizo ni kwamba dalali alikuwa amekwisha kukata udalali wake wa mwezi mmoja, na shilingi 230,000 hizo zilirudi baada ya simu nyingi na barua ya mwanasheria.

Kwa wale watatu waliobaki tulifanya nilivyopaswa kuagiza tangu mwanzo: walisaini ahadi ya kupanga bila kulipa chochote, muda wa upangaji ukihesabiwa kuanzia siku ya kukabidhiwa funguo wala si tarehe ya kalenda, na ikielezwa wazi kwamba mauziano yakivunjika hakuna anayemdai mwenzake. Wawili walisubiri. Wa tatu alipata chumba Kimanga akaondoka, na simlaumu.

Kwa kuonyesha nyumba na kuchuja wateja ningewatumia tena ofisi hii, lakini kwa maandishi yanayowakataza kugusa kodi kabla ya makabidhiano. Ningewauliza pia kuhusu ada ya kuonyesha, maana wapangaji walipokwisha kuhamia ndipo waliponiambia kwamba kila aliyeletwa, wakiwemo wale ambao hawakupanga, alitozwa shilingi 10,000 ili tu aione nyumba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa bado sina ufunguo wake.